Mchezo mgumu kwa wachezaji sugu au mwepesi kwa wa kawaida? Anzeni na ile maiti

"Tuko watu watano, tunatengeneza mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi, ule wa kukuza mhusika. Kwenye majaribio tuna wachezaji kama 300. Mhusika akifa anapoteza asilimia 10 ya uzoefu (alama za kupandia leveli) wa leveli aliyopo, na zana zake zote zinabaki kwenye maiti. Saa moja ikipita hajazifuata, zimepotea. Leveli ya juu ni 50, na bosi wa mwisho, yaani adui mkubwa kuliko wote, anataka watu 24 wampige pamoja. Wachezaji wetu sugu wanatuambia tusiguse kitu, tukilegeza tumeua mchezo. Lakini wapya wengi hawafiki hata leveli ya 12. Mwenzetu mmoja anataka seva mbili, moja ngumu na moja nyepesi. Mwingine anasema tulegeze kote tupate watu. Tumfuate nani?"

Asanteni kwa swali, na asanteni zaidi kwa kuweka tarakimu, maana bila hizo ningebaki kubahatisha. Jibu fupi: msimfuate yeyote kati ya hao wawili. Msigawe seva, msilegeze kote, na kitu cha kwanza kukirekebisha ni ile maiti. Bosi na uzoefu unaopotea vinaweza kusubiri. Sasa nieleze kwa nini, kwa sababu mkibadilisha kanuni bila kuelewa inavyofanya kazi, baada ya miezi miwili mtakuwa palepale na malalamiko mapya.

Naona mna hofu mbili, na zote ni za haki. Mnaogopa kuwapoteza wapya, na mnaogopa kuwageuka wale waliowabeba tangu mchezo ukiwa na mende, yaani hitilafu za programu, kila kona. Ila swali lenu limebeba dhana kwamba kuna aina mbili za watu na kamba moja kati yao: mkivuta huku, kule kunapungua. Dhana hiyo ndiyo inayowakwamisha.

Neno "mgumu" limefunga mambo matano kwenye furushi moja. Kuna muda: mtu atumie saa ngapi kabla hajafika. Kuna ustadi: macho na vidole vyake vifanye nini, na kwa haraka gani. Kuna hasara: akikosea anapoteza nini. Kuna uratibu: awapate watu wangapi, wakiwa mtandaoni saa ileile. Na kuna maarifa: ajue nini ambacho mchezo wenyewe haumwambii. Kila moja lina koki yake, na mnaweza kukaza moja huku mkilegeza nyingine. Mchezaji mwenye saa nne tu kwa wiki anaweza kuwa na mikono mizuri kuliko chama chenu kizima (kikundi cha wachezaji wanaocheza pamoja), akatamani pambano la kumtoa jasho. Asichoweza ni kukesha. Na yupo anayeingia saa sita kila siku, akavua samaki, akapiga soga na wenzake, asitake hata kumwona bosi. Hapo nani ni sugu? Richard Bartle, aliyeunda MUD, mchezo wa awali wa maandishi wa wachezaji wengi, pamoja na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex kuanzia mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kuhusu wachezaji wanaofuata mafanikio, wanaofuata uvumbuzi, wanaofuata watu, na wanaofuata kuwatawala wenzao. Kote humo aliwapanga watu kwa wanachokitafuta, hakuwapanga kwa saa wanazocheza.

Koki inayodanganya kuliko zote ni ya muda, kwa sababu huvaa nguo za ustadi. Angalieni mchezo wa Old School RuneScape. Kufikisha fani moja leveli ya 99 kunahitaji alama za uzoefu 13,034,431, na leveli ya 92 inafika kwenye 6,517,253, yaani nusu ya safari. Leveli saba za mwisho ni ndefu sawa na zote 92 zilizotangulia. Watu wanaipenda safari hiyo, na aliyeimaliza anastahili heshima. Lakini ni heshima ya subira. Mkiichanganya na ustadi mtawafungia mlango watu wenye uwezo kwa sababu tu wana kazi na watoto, na wale waliobaki ndani watadhani walichujwa kwa ubora.

Mchezo wa WildStar ni mfano wa koki zote tano kukazwa kwa mkupuo. Ilitoka Juni 2014, ikawaambia wachezaji sugu waziwazi kwamba huu ni mchezo wao: uvamizi (pambano la kundi kubwa dhidi ya mabosi) wa watu 40, na msururu mrefu wa masharti kabla hujaruhusiwa hata mlangoni. Mwaka uliofuata ikawa ya bure, na Novemba 2018 ikafungwa. Sababu hazikuwa moja, na mapigano yake yalikuwa mazuri kweli. Lakini waliopenda ustadi wake walilazimika kulipia pia kwa muda na uratibu ambao hawakuwa nao.

Sasa tukitazame kifo chenu kwa karibu. Chukueni wachezaji wawili, mmoja leveli ya 8, mwingine leveli ya 40. Tuseme leveli ya 8 huchukua dakika 40 na ya 40 huchukua saa 9. Ninyi wekeni tarakimu zenu halisi. Asilimia 10 kwa wa kwanza ni dakika 4, kwa wa pili ni dakika 54. Kwenye karatasi mkongwe ndiye anayeumia, na hicho ndicho anachowaambia: "Mimi napoteza karibu saa nzima na silalamiki, huyu mpya analia nini?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkongwe ana seti ya pili ya zana ghalani. Anaijua njia. Ana chama, na ndani ya chama yumo mponyaji wa kumfufua palepale. Mpya ana upanga mmoja, na sasa uko kwenye maiti, katikati ya mazimwi matatu yaliyomuua akiwa amevaa kila alichonacho. Anarudi uchi kuufuata. Anakufa mara ya pili, asilimia nyingine 10. Anajaribu kupitia upande wa pili, anakufa mara ya tatu. Saa inaisha, upanga umekwenda, na kuanzia hapo hata zimwi la leveli ya 6 linamshinda. Ukitazama kumbukumbu za seva utaona vifo vitatu ndani ya dakika ishirini, kisha kimya. Hakuacha mchezo kwa kuogopa ugumu. Aliacha kwa sababu kanuni yenu inamdhoofisha aliyeshindwa ili ashindwe tena.

Hiki ndicho kipimo ninachowaomba mkitumie kwa kila adhabu: baada ya mtu kuadhibiwa, uwezekano wa kuadhibiwa tena unapanda au unabaki ulipo? Uzoefu unaopotea huuma mara moja, basi. Zana zinazobaki kwenye maiti hujizidisha zenyewe. Kwa jina zote ni "adhabu ya kifo", lakini moja inafundisha tahadhari na nyingine ni mtego.

Najua kanuni hii mmeitoa wapi, kwa sababu EverQuest ya mwaka 1999 ilifanya hivyohivyo: unapoteza uzoefu, unaweza hata kushushwa leveli, na mali yako inabaki kwenye maiti. Lakini kumbukeni kilichoizunguka. Wachezaji wenye wahusika wa aina ya wachawi wa wafu waliweza kuiita maiti yako ije mlipo. Wale wa aina ya makasisi waliweza kukufufua na kukurudishia sehemu kubwa ya uzoefu uliopotea. Seva ilikuwa na watu wengi wa kuombwa msaada, na kuombana msaada kukawa ndiyo maisha yenyewe ya mchezo. Kanuni ile ilibebwa na umati. Ninyi mna watu 300 waliotawanyika katika saa 24. Usiku wa manane mpya anaweza kuita msaada na asiwepo hata mmoja wa kumsikia. World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004 ilikwenda njia nyingine: roho inakimbia kutoka makaburini hadi kwenye mwili, zana zinachakaa kwa asilimia 10, uzoefu haupotei. Kifo bado kinakusumbua, lakini hakikupunguzii uwezo wa pambano linalofuata.

Ningefanya hivi. Chini ya leveli ya 15, alichovaa mhusika hakibaki kwenye maiti. Vinabaki vilivyomo kwenye begi na fedha tu, ili mtu ajifunze kuifuata maiti yake kabla haijawa suala la kufa na kupona. Upotevu wa uzoefu uanze leveli ya 10, na kamwe usimshushe mtu leveli. Kuanzia leveli ya 15 kanuni yenu ibaki kama ilivyo, isipokuwa saa ya maiti ihesabu muda ambao mchezaji yuko mtandaoni peke yake, na iwe saa tatu badala ya moja. Asiadhibiwe mtu kwa kulazimika kwenda kazini. Kisha wekeni kaburi kwenye lango la kila eneo, ambapo maiti inaweza kuitwa kwa malipo ya uzoefu mwingine wa asilimia 10. Hiyo ndiyo njia ya kutoka kwa asiye na rafiki mtandaoni, na bado inauma.

Mitego ya marekebisho haya naitaja mapema. Mkifanya kifo cha leveli za chini kuwa cha bure kabisa, watu watakufa makusudi ili wasafirishwe mjini. Begi linalobaki nyuma ndilo litakalozuia hilo. Mkiweka muda wa msamaha, kwamba vifo vya pili na vya tatu ndani ya dakika 15 havitozwi, na mimi nauunga mkono, basi msamaha huo usifanye kazi ndani ya pango la bosi, la sivyo chama kitamrushia bosi miili mpaka achoke. Na zana zikiacha kupotea, sokoni zitajaa. Zana zinazopotea zilikuwa bomba la kutolea maji kwenye uchumi wenu, kwa hiyo fungueni jingine dogo, kama gharama za ukarabati, kabla bei hazijaporomoka.

Kuna vifo vingine ambavyo havimhusu mchezaji kabisa. Tuseme bosi anatoa ishara nusu sekunde kabla ya kupiga, yaani milisekunde 500. Mtu huhitaji kama milisekunde 250 kuitikia jambo rahisi analolitazamia, na zaidi ya hapo akitakiwa kuchagua. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi kati ya kompyuta yake na seva ni milisekunde 250, hana kilichobaki: amekufa kwa sababu ya umbali. Ishara za mapigo yanayoua ziwe sekunde moja na nusu au zaidi, na ugumu uhamishieni kwenye uamuzi, kwamba mapigo mawili yanakuja na nafasi salama ni moja tu. Bado ni pigo gumu, na wa mbali anaweza kulicheza. Kuhusu intaneti kukatika, mhusika asitoweke papo hapo, kwa sababu watu watachomoa waya kila wakizidiwa. Abaki uwanjani sekunde 20, ila kifo cha mikononi mwa mazimwi ndani ya sekunde hizo kisimgharimu zana.

Sasa bosi wa watu 24. Hapa mkongwe na mpya wanaumia pamoja, ila mkongwe ameshazoea. Fanyeni hesabu. Kama kila mmoja ana uhakika wa asilimia 90 wa kufika usiku huo, na hiyo ni nidhamu nzuri sana, uwezekano wa wote 24 kuwepo ni asilimia 8. Kwa kundi la watu 8 ni asilimia 43. Ndiyo maana kiongozi wa chama huandikisha 30 apate 24: kwa 30 uwezekano unapanda hadi asilimia 97, lakini kwa wastani watu watatu watakaa benchi kila usiku, wamevaa, wamejiandaa, wakitazama. Hao watatu ndio watakaoacha mchezo, na chama kitalazimika kutafuta wengine, na kiongozi atachoka. Vyama vingi vilivyokufa katika michezo hii viliuawa na orodha ya mahudhurio, bosi akiwa hajawagusa.

Tiba ni uvamizi unaojipima kwa idadi. World of Warcraft iliuanzisha Septemba 2013, watu 10 hadi 25 mlango uleule, uhai wa bosi ukipanda na kushuka kulingana na waliopo. Kwa ukubwa wenu ningeruhusu 8 hadi 16. Jihadharini na ngazi zilizofichika: uhai wa bosi ukipanda taratibu lakini mabomu yake yakaongezeka kwa kuruka, bomu moja kwa kila watu wanane, basi kundi la 15 lina bomu moja na la 16 lina mawili. Wachezaji watagundua ndani ya wiki moja, na mtu wa kumi na sita ataombwa atoke. Ongezeni uharibifu wa bomu badala ya idadi yake, au fanyeni nafasi ya bomu la pili ipande kwa asilimia kwa kila mtu anayeongezeka.

Jambo moja kuhusu uratibu husahaulika sana: ugumu wa pambano haupimiki mpaka ujue nani kasimama na nani. Desemba 2009 World of Warcraft iliweka chombo cha kukuunganisha na wageni wanne mkaingia pangoni bila kusalimiana. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2010, mapango mapya yalitoka yakiwa magumu zaidi, yakitaka watu wapange, wagawane kazi, wasubiriane. Kwa marafiki wanaoongea yalikuwa matamu. Kwa wageni watano waliokutanishwa na mashine yalikuwa ni kufukuzana na kutukanana. Ugumu uleule, watu tofauti. Kwa hiyo kama mtaweka chombo cha kukutanisha wageni, na siku moja mtaweka, kila pango liwe na daraja lake la wageni lililopimwa kwa watu wasioongea, na daraja la juu ambalo haliingiwi kwa chombo hicho.

Kwenye koki ya muda nina mawili tu. La kwanza ni uzoefu wa mapumziko. Katika majaribio ya World of Warcraft kulikuwa na kanuni iliyompunguzia uzoefu aliyecheza muda mrefu, na wachezaji waliichukia. Watengenezaji wakaigeuza maelezo: kiwango cha chini kikaitwa asilimia 100, cha mwenye kupumzika kikaitwa 200. Tarakimu zilibaki karibu zilezile, malalamiko yakaisha. Mhusika akilala nyumba ya wageni anajilimbikizia asilimia 5 ya leveli kila saa 8, mpaka leveli moja na nusu, kwa hiyo ghala hujaa baada ya siku 10. Anayecheza mwisho wa wiki tu anasonga kwa kasi mara mbili kwa kila zimwi, na anayecheza kila siku hajanyang'anywa kitu. Kwa timu ya watu watano hii ni kazi ya siku chache, na sijui badiliko jingine la bei hiyo linalopunguza pengo kiasi hicho.

La pili ni ukomo wa wiki. Mchezo wa Final Fantasy XIV huweka kikomo cha wiki cha mawe ya kununulia zana bora, kwa miaka mingi 450, na mwenye saa 40 hawezi kumwacha mbali mwenye saa 6. Ni kanuni nzuri, mradi iwe ya wiki. Ikigeuzwa kuwa ya kila siku, ile ya "usipoingia leo umekosa", inamuumiza yuleyule mliyetaka kumsaidia, kwa sababu mwenye siku mbili za kucheza kwa wiki amepoteza tano. Ningeongeza kwamba kikomo ambacho hakikutumika kihamie wiki inayofuata, hadi wiki nne. Wakongwe watanung'unika kwamba mtu anarudi baada ya mwezi na kuwakaribia. Ndivyo ilivyokusudiwa: mtakuwa mmewapatia mtu wa kwenda naye kwa bosi.

Pendekezo la seva mbili linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu limewahi kujaribiwa na wakubwa. Ultima Online, iliyotoka 1997, iliruhusu karibu popote kuuawa na kuporwa na wachezaji wenzako. Mwaka 2000 dunia ilinakiliwa mara mbili: Felucca ikabaki na hatari, Trammel ikawa ya amani. Wengi walihamia Trammel. Waliobaki Felucca waliona kwa haraka kwamba simba wanahitaji swala. Wawindaji wakabaki kuwindana, na baadaye Felucca iliongezewa mavuno maradufu ya rasilimali ili watu wawe na sababu ya kwenda. Mchezo wenyewe ulinufaika, sitaki kuficha hilo, lakini ulikuwa na watu wa kugawa. Wachezaji 300 wa majaribio maana yake, kwa makadirio ya mkono, ni kama 30 mtandaoni saa nzuri. Mkiwagawa mnapata vijiji viwili vya watu 15, na kila anayeingia anaona dunia tupu.

Njia inayowafaa ni ugumu wa kiapo: dunia moja, mchezaji akichagua mwenyewe mzigo wake. Old School RuneScape iliweka mhusika wa chuma mwaka 2014, asiyeruhusiwa kununua wala kupokea kitu kwa wengine, na baadaye ikaongeza wa maisha mamoja. Huyo akifa hafutwi. Anapoteza hadhi yake na kuendelea kama mhusika wa chuma wa kawaida. Ana alama karibu na jina lake, kila anayempita mjini anaiona. Kwa upande wenu programu inayohitajika ni ndogo: bendera kwenye akaunti, masharti sokoni, jedwali la majina. Wachezaji wenu sugu watapata kanuni kali kuliko mnazowapa leo, na mpya hatabebeshwa.

Na hao wachezaji sugu, tafadhali msiwachukulie kama kero. Wanapokataa kulegezwa, mara nyingi wanachotetea ni maana: kwamba kitu walichokipata kilikuwa na gharama na watu wanajua. Hilo linalindika bila kuwafungia wengine. Final Fantasy XIV hufanya hivi vizuri: pambano lilelile lina daraja la hadithi ambalo kila mtu hulimaliza, kisha madaraja ya juu, na kwenye kilele, tangu 2017, mapambano ya mwisho kabisa ambayo zawadi yake kubwa ni cheo na silaha yenye sura ya kipekee. Anayetaka nguvu za kuendelea na hadithi hazikosi, na aliyepanda kilele ana kitu ambacho hakinunuliki. Mkifuata njia hiyo, shikeni ahadi moja bila kutetereka: alama ya kilele isigawiwe kamwe kwa njia nyingine, hata kwenye sikukuu ya mchezo, hata kwa mauzo. Mkiivunja mara moja, aliyejitoa hatawaamini tena.

Wakati huohuo kumbukeni kwamba sauti mnazozisikia ni za waliobaki. Aliyeondoka leveli ya 9 hapigi kura. Kabla hamjabadilisha lolote, chukueni kila aliyeacha, mtazame dakika zake 30 za mwisho: alikufa mara ngapi, kulikuwa na maiti haijachukuliwa, alikuwa peke yake au na mtu. Kama nusu au zaidi waliondoka na maiti iliyobaki porini, nimewaeleza sababu. Kama waliondoka mjini wakiwa hai na begi limejaa, basi nimekosea, na tatizo lenu ni maarifa: hawakujua waende wapi. Hilo halitibiwi kwa kulegeza kifo.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, mkipe wiki mbili. Na msidanganywe na tarakimu ndogo. Mkiwagawa wapya makundi mawili ya watu 60 na upande mmoja ukabakiza asilimia 50, mwingine 40, tofauti ni watu sita, kiasi ambacho bahati peke yake inaweza kuleta. Kwa ukubwa huu macho yenu yana thamani kuliko grafu.

Kuna mambo ya kupeleka kwa watu ana kwa ana. Mkianza kuuza chochote chenye bahati nasibu ndani yake, masanduku ya kufungua na mfano wa hayo, zungumzeni na mwanasheria kwanza. Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari mwaka 2018, na sheria hutofautiana nchi kwa nchi. Mkiona mchezaji, au mmoja wenu, hawezi tena kudhibiti muda wa kucheza, na usingizi, kazi au familia vimeanza kubomoka, huyo apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa kucheza michezo katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, inayotumika tangu Januari 2022. Jukumu lenu hapo ni kuhakikisha mchezo haumwadhibu kwa kutoka.

Jingine la ana kwa ana ni lenu wenyewe, na lifanyeni wiki hii kabla hamjagusa programu. Tafuteni watu watano ambao hawajawahi kuuona mchezo. Mmoja mmoja, kaeni nyuma yake dakika 45, bila kusema neno, hata akikwama. Hapo mdomo utawawasha, uzuieni. Andikeni dakika ya kifo cha kwanza, dakika aliyoifikia maiti yake, idadi ya vifo njiani, na dakika aliyogeuka kuwatazama akitaka kuuliza. Kisha mfanyieni hivyohivyo mchezaji sugu mmoja, akiwa na mhusika mpya asiye na zana za ghalani wala chama.